Mshale usio na nyoya: Methali iliyohifadhi kilichooza ardhini

Wahenga walinena kwamba mshale usio na nyoya hauendi mbali. Walimu huitumia methali hii kumwasa mwanafunzi anayetaka makuu bila maandalizi. Wazazi nao huitumia kumkumbusha kijana kwamba kipaji kitupu hakitoshi, lazima pawe na kitu nyuma yake cha kukielekeza. Sote huitikia kwa kichwa, kisha tukaendelea na shughuli zetu. Ni nadra mtu kusimama akauliza: kwani hilo nyoya hufanya nini hasa kwenye mshale? Na je, ni kweli kwamba bila nyoya mshale hauendi mbali?

Nimeonelea tulijadili suala hili leo kwa sababu moja kuu. Historia ya silaha tunayosomeshwa shuleni imeandikwa kwa kufuata vitu visivyooza. Tunaambiwa kuhusu zama za mawe, zama za shaba na zama za chuma. Hatuambiwi kuhusu zama za manyoya, kwa kuwa manyoya huliwa na wadudu na kuoza kabla mchimbuaji wa mambo ya kale hajafika. Kule Sibudu, Afrika Kusini, watafiti wamefukua vichwa vya jiwe na mfupa vinavyoaminika kuwa vya mishale, vyenye umri wa zaidi ya miaka 60,000. Kichwa kipo. Mti wake haupo, uzi haupo, na kama palikuwa na nyoya, limepotea kitambo. Basi mtu akitazama kabati la makumbusho anaweza kudhani kwamba mshale ni ile ncha tu. Methali yetu yakataa. Inatuelekeza nyuma ya mshale, mahali ambapo akili nyingi ilitumika na ushahidi mchache ukabaki.

Viungo vya mshale na majina yake

Tuanze na lugha, maana ndiyo ada ya ukumbi huu. Kiswahili kina msamiati wa kutosha kuhusu silaha hii, ingawa vijana wengi wa leo wangeambiwa wataje wangeishia kwenye "mshale" na "upinde". Upinde wenyewe una jina jingine, uta, ambalo wingi wake ni nyuta au mata. Kamba yake ni upote. Mti wa mshale huitwa wano. Ncha yake ya mbele ni chembe, na wengine husema kigumba. Mkoba wa kutilia mishale ni podo, au ziaka kwa lugha ya kikale. Mshale wenyewe umehamia kwingine kabisa: tuna mshale wa saa na mshale wa kuonyesha njia kwenye ukuta wa hospitali.

Neno nyoya nalo lina vituko vyake vya kisarufi. Wapo wanaolitia katika ngeli ya LI-YA, wakasema nyoya hili, manyoya haya. Wapo wanaolitia katika ngeli ya U-ZI, wakasema unyoya huu, nyoya hizi. Kamusi zetu zinazitambua njia zote mbili. Kwa hiyo methali inaposema "usio na nyoya", inaweza kuwa inazungumzia moja au mengi. Kama tutakavyoona, mshale uliotengenezwa vizuri aghalabu una manyoya zaidi ya moja, kwa hivyo usomaji wa pili haukosi mashiko.

Kazi ya nyoya

Hebu sasa tuangalie nyoya linavyofanya kazi. Mshale una uzito mbele, kwenye chembe. Unapoachiwa hauondoki ukiwa umenyooka kama rula. Upote unausukuma kwa nguvu nyingi ghafla, nalo wano linapinda huku na huku kama nyoka anayeogelea. Mshale ambao hauna cha kuurekebisha unaweza kuyumba, ukaenda upande, hata ukafika kwa shabaha ukiwa umelala ubavu. Hapo hautoboi kitu.

Manyoya yaliyofungwa nyuma yanakamata hewa. Mkia unapokwenda kombo, hewa huusukuma na kuurudisha kwenye mstari, mithili ya mkia wa kishada anachokirusha mtoto uwanjani. Siri ni kwamba uzito uwe mbele na ukinzani wa hewa uwe nyuma. Ukigeuza mambo hayo, mshale nao utageuka.

Kuna la ziada. Nyoya la bawa la ndege lina mpindo wa kiasili. Ukitumia manyoya ya bawa la kushoto pekee, au la kulia pekee, mpindo wote unaelekea upande mmoja na mshale unazunguka ukiwa hewani. Mzunguko huo husaidia kuuweka sawa. Ukichanganya ya kushoto na ya kulia kwenye mshale mmoja, yanapigana. Mafundi wa mishale duniani kote waliligundua jambo hili bila darasa la fizikia. Wajapani hata wana majina mawili: mshale wenye manyoya yanayouzungusha upande mmoja huitwa haya na ndio hupigwa kwanza, na wa upande wa pili huitwa otoya nao hufuata.

Sifa nyingine ya nyoya ni ulaini wake. Mshale unapopita ubavuni mwa upinde, manyoya hugusa mti. Kitu kigumu kingegonga na kuupotosha mshale. Nyoya hulala, likapita, likasimama tena, kwa kuwa nyuzi zake ndogo zimeshikana kwa vikulabu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Ndege anapojichokora manyoya kwa mdomo asubuhi, ndivyo vikulabu hivyo anavyovifunga upya.

Lakini nyoya lina gharama yake, na hapa ndipo methali yetu inahitaji ufafanuzi. Manyoya hukamata hewa, na kukamata hewa ni kupunguza mwendo. Fundi akiweka manyoya makubwa, mshale utatulia upesi lakini hautaenda mbali sana. Akiweka madogo, utaenda mbali lakini utachelewa kutulia. Kwa hiyo mshale wa kuwindia mnyama mkubwa, wenye chembe pana, huhitaji manyoya makubwa; mshale wa mashindano ya umbali huhitaji madogo. Wahenga walisema kweli, ila kweli yao ni hii: nyoya halimpi mshale nguvu. Nguvu ni ya uta. Nyoya huzuia nguvu hiyo isipotee njiani.

Barafu iliyotunza ushahidi

Nimesema kwamba manyoya huoza. Zipo sehemu chache duniani ambako hayakuoza, na mojawapo ni barafu.

Septemba 1991, watu wawili waliokuwa wakitembea milimani kwenye mpaka wa Italia na Austria walikuta maiti ikichomoza kwenye barafu. Ikabainika kwamba mtu huyo, ambaye sasa ulimwengu humwita Ötzi, alikufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Alikuwa na podo lenye mishale 14. Mishale 12 haikuwa imemalizwa. Miwili tu ndiyo ilikuwa kamili, yenye chembe za jiwe na manyoya matatu kila mmoja. Manyoya hayo yalikuwa yamegandishwa kwa lami iliyopikwa kutokana na gamba la mti, kisha yakazungushiwa uzi mwembamba wa mmea ili yasitoke. Wataalamu walioutazama mzunguko wa uzi huo wanasema mshale mmoja ulifungwa na mtu anayetumia mkono wa kulia na mwingine na mtu wa mkono wa kushoto. Yaani, uzi wa kufungia manyoya umetuonyesha kwamba Ötzi hakutengeneza mishale yake yote peke yake.

Mwaka wa 2001, picha za eksirei zilionyesha chembe ya jiwe ndani ya bega lake la kushoto. Mtu aliyebeba mishale aliuawa kwa mshale. Wano la mshale uliomuua halikuwamo, lilikuwa limechomolewa. Kwa hiyo tunayo manyoya ya mishale aliyoibeba, lakini ya mshale uliomuua hatunayo.

Barafu nyingine iliyotufaa iko Yukon, kaskazini mwa Kanada. Tangu 1997, mabonge ya barafu ya milimani yamekuwa yakiyeyuka na kutoa silaha za wawindaji wa kale waliofuata kulungu wa kaskazini. Nyingi zake si mishale ya upinde. Ni vigumba virefu vilivyorushwa kwa kigongo maalumu kinachorefusha mkono wa mrushaji. Baadhi yake vina umri wa miaka elfu kadhaa, na vingine bado vina mabaki ya manyoya na nyuzi za mishipa ya wanyama. Upinde uliingia eneo hilo takribani miaka 1,200 iliyopita ukachukua nafasi ya vigumba hivyo. Hapa tunajifunza jambo: nyoya halikuanza na upinde huko. Lilikuwa limekwisha kufanya kazi kwenye silaha ya mkono kwa karne nyingi, na upinde ulipokuja ulilikuta.

Ila kuna uchungu ndani ya ugunduzi huu. Barafu inayotoa ushahidi inautoa kwa sababu inayeyuka. Kifaa kikikaa nje misimu michache bila kuokotwa, nyoya lililodumu miaka elfu nne huisha.

Bukini wa mfalme

Tukitaka kuona nyoya likiwa jambo la serikali, twende Uingereza ya karne ya 15. Tarehe 25 Oktoba 1415, jeshi la Mfalme Henry wa Tano liliwashinda Wafaransa huko Agincourt, na sifa nyingi ziliwaendea wapiga upinde. Historia husifu pinde zao ndefu. Mfalme mwenyewe alijua kwamba pinde bila mishale ni kuni, na mishale bila manyoya ni vijiti.

Mwaka wa 1417 aliwaamuru maafisa wa majimbo kadhaa wakusanye manyoya sita ya bawa kutoka kwa kila bata bukini, isipokuwa wale wanaotaga na kuatamia. Mwaka uliofuata amri nyingine ikataka manyoya 1,190,000. Hebu tupige hesabu. Kwa kipimo cha manyoya sita kwa ndege mmoja, hao ni bukini zaidi ya 198,000. Kila mshale ukichukua manyoya matatu, hiyo ni mishale kama 396,000. Nyuma ya kila bukini palikuwa na mkulima, pengine mjane wa kijijini, aliyeamshwa na afisa wa mfalme aje kunyonyoa ndege wake. Vitabu vinawataja mashujaa wa Agincourt. Wenye bukini hawatajwi.

Kazi hii ilikuwa na mafundi wake wa pekee. Mwaka wa 1371 mafundi wa mishale wa London walitengana rasmi na mafundi wa pinde, kila kundi likawa na chama chake. Jina la fundi wa mishale kwa Kiingereza, fletcher, lina mzizi wa neno la Kifaransa linalomaanisha mshale, nalo limebaki kuwa jina la ukoo la maelfu ya watu ambao hawajawahi kushika upinde. Ndivyo lugha ilivyo: kazi hufa, jina likabaki likitembea.

Mwaka wa 1545 ulikuwa na matukio mawili yanayotuhusu. Mwalimu mmoja, Roger Ascham, alichapisha kitabu kiitwacho Toxophilus kuhusu sanaa ya kupiga upinde, ambamo alijadili manyoya kwa kirefu na kulipendekeza nyoya la bukini kuliko la tausi. Tausi alikuwa na sifa tangu zamani. Mshairi Chaucer alimpa mhusika wake mmoja mishale yenye manyoya ya tausi. Ascham aliona urembo huo haufai kazini. Mwaka huohuo, meli ya kivita iitwayo Mary Rose ilizama karibu na Portsmouth. Ilipoinuliwa mwaka wa 1982, mishale zaidi ya 3,000 ilikuwa imepatikana. Miti ya mishale ilikuwepo. Manyoya hayakuwepo, bahari iliyala. Kilichobaki ni alama za uzi uliozungushwa na rangi ya kijani ya gundi iliyotiwa shaba. Kwa alama hizo watafiti wakapima urefu wa manyoya yasiyokuwepo, kama vile mtu anavyojua ukubwa wa picha kwa doa jeupe iliyoliacha ukutani.

Hatimaye bunduki ikashinda. Mwaka wa 1595 serikali ya Uingereza iliamuru askari wake wa akiba waache pinde wachukue bunduki. Leo manyoya ya mishale yamesalia kwenye michezo, na hata huko plastiki imeyasukuma. Vishale vinavyorushwa ubaoni kwenye baa zetu vilikuwa na manyoya ya bata mzinga. Siku hizi aghalabu vina vipande vya plastiki. Umbo ni lile lile, kazi ni ile ile.

Wasiotumia nyoya

Hapa mtu mwenye haraka angesema: basi, anayetumia nyoya ameendelea, asiyelitumia yuko nyuma. La hasha. Huo ndio mtego ambao wanaanthropolojia wa kikoloni waliuingia mara nyingi, na sisi tunaendelea kuuingia.

Tazama Wasan wa jangwa la Kalahari. Kwa kawaida mishale yao haina manyoya. Ni myepesi, wano lake ni la tete, na ncha yake imepakwa sumu inayotokana na viluwiluwi vya mbawakawa fulani. Mwindaji wa Kisan hunyata mpaka karibu sana na mnyama. Kwa umbali huo mfupi mshale hauna muda wa kupotea, na sumu ndiyo hufanya kazi iliyosalia. Yeye ameweka ustadi wake kwenye miguu na sumu, hakuuweka kwenye mkia wa mshale.

Huko New Guinea nako watu hupiga mishale mirefu isiyo na manyoya. Urefu na uzito wa mbele huusaidia mshale kujiweka sawa kwa umbali wa msituni. Na katika msitu wa Ituri nchini Kongo, Wambuti hupasua mwisho wa mshale wao mwembamba wa mti, wakachomeka kipande cha jani. Jani linafanya kazi ya nyoya! Msituni jani halihitaji kuwindwa. Likichakaa, mwindaji anyoosha mkono achume jingine. Nao watu wa Amazon, wanaopuliza vishale vyenye sumu kupitia mrija mrefu, huzungushia mwisho wa kishale sufi ili pumzi isitoroke pembeni. Sufi hiyo ni ya mti uleule tunaouona Mombasa na Kilifi, msufi, ambao sisi tulizoea kuutia kwenye mito ya kulalia.

Kwa hiyo pana majibu mengi kwa swali moja. Kila jamii ilitazama umbali, mnyama, sumu na mimea iliyokuwepo, ikachagua. Methali yetu ilitungwa na watu wa nyoya. Mwindaji wa Kalahari angetunga nyingine, pengine kuhusu anayenyata vizuri.

Nyumbani kwetu

Na sisi je? Fasihi ya pwani imemhifadhi mpiga mishale mmoja mashuhuri, Fumo Liongo wa huko Pate na Ozi. Masimulizi yanasema maadui zake walipanga kumuua kwa hila: wangekwenda kuangua makoma, kila mtu akipanda mti kwa zamu, na zamu ya Liongo ikifika wampige akiwa juu. Liongo akabaki chini, akachukua uta wake na kuyaangusha makoma kwa mishale. Hata kufa kwake kunahusu uta. Alipochomwa na mwanawe, alipiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa tayari kwenye uta, na watu wakaogopa kumkaribia siku kadhaa wasijue kuwa amekwisha kufa. Simulizi inataja uta, inataja mishale. Nyoya halitajwi, kwa kuwa kila msikilizaji wa enzi hizo alijua lipo.

Bara ya pwani hiyo, kati ya mto Tana na Tsavo, waliishi na bado wanaishi Waata. Kwa karne nyingi walikuwa wawindaji wa tembo, na pinde zao zilihitaji nguvu za kuvuta zinazokaribiana na zile za pinde ndefu za Waingereza wa Agincourt. Mishale yao ilipakwa sumu iliyochemshwa kutokana na mti wa akokanthera, kisha ikafungwa kwa ukanda wa ngozi ili isikauke. Wagiriama na Wakamba pia waliijua sumu hiyo. Duniani kote madaktari na wanakemia huiita ouabain, jina linalotokana na neno la Kisomali la sumu ya mishale, waabaayo. Tazama basi: neno la mwindaji wa Afrika Mashariki limo kwenye vitabu vya tiba vya Ulaya, ilhali jina la fundi wake halimo popote.

Miongoni mwa wawindaji wa ukanda huu, manyoya ya tumbusi yalithaminiwa kwa mishale. Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, hutumia ya tumbusi na ya kanga hadi leo. Tumbusi ana bawa pana na nyoya gumu, lenye kustahimili. Ni ndege ambaye hutua mahali penye mzoga, kwa hiyo mwindaji hakulazimika kwenda mbali kumtafuta.

Mambo yalibadilika. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka wa 1948. Kuwinda tembo, ambako kwa Mwata kulikuwa ndiko kuishi, kukawa ujangili. Kati ya 1956 na 1957 serikali ya kikoloni iliendesha kampeni kali, na Waata wengi wakafungwa jela. Mwaka wa 1960 ulianzishwa mradi wa Galana wa kuwapa kazi ya uwindaji halali, lakini haukudumu. Mwaka wa 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji kabisa. Sisemi kwamba tembo hawakustahili kulindwa. Walistahili, na wanastahili. Nasema kwamba tulipochukua upinde hatukuuliza majina. Kila kipande cha mshale wa Kiata kina jina lake, kila uamuzi wa fundi una neno, na wazee wanaoyajua maneno hayo wanapungua.

Tumbusi naye anapungua. Mwaka wa 2015 aina nne za tumbusi wa Afrika, wakiwemo wanaopatikana Kenya, ziliwekwa kwenye orodha ya wanyama walio katika hatari kubwa zaidi ya kutoweka. Sababu mojawapo kubwa ni sumu. Wafugaji wenye hasira hutia dawa ya wadudu kwenye mzoga ili kumuua simba, na tumbusi kwa makumi wakaja kula na kufa. Ndege aliyelipa nyoya lake kwa mshale wa sumu sasa anauawa na sumu ya dukani.

Kalamu na mshale

Kabla sijatia nukta, niguse uhusiano mmoja ambao wapenzi wa lugha wataufurahia. Neno letu kalamu tulilipata kwa Kiarabu, nacho Kiarabu kinashirikiana neno hilo na Kiyunani, ambako lilimaanisha tete. Kwa Kilatini neno lilo hilo, calamus, lilitumika kwa tete, kwa kalamu, na washairi wakalitumia kwa mshale pia. Tete lile lile lilichongwa likawa wano au likachongwa likawa kalamu. Huko Ulaya nako nyoya la bawa la bukini lilikwenda njia mbili: fundi wa mishale alilipasua akalifunga kwenye wano, na karani akalichonga akalichovya kwenye wino. Neno la Kiingereza la kalamu, pen, lina asili ya neno la Kilatini lenye maana ya nyoya.

Kwa hiyo walio na kalamu wana deni kwa walio na mishale. Walimu wa Kiswahili wa Kilifi, Tana River, Kitui na Makueni wana wanafunzi ambao babu zao walijua kufunga nyoya kwenye mshale. Kazi ya likizo moja tu ingetosha: mwanafunzi amwendee mzee, amuulize kila kipande kinaitwaje, nyoya la ndege gani lilitumika, lilifungwa kwa uzi gani na gundi gani, kisha aandike kwa lugha ya mzee na kwa Kiswahili. Kamusi zetu zinayo podo, wano, chembe na upote kwa sababu mtu fulani, wakati fulani, aliuliza na kuandika. Ya Waata na ya Wakamba yanasubiri mtu wa kuyauliza.

Nyoya huoza, hilo haliepukiki. Jina la nyoya halina haja ya kuoza. Likiandikwa leo, atakayekuja kesho kutazama chembe tupu kwenye kabati la makumbusho atajua kwamba nyuma yake palikuwa na kitu, na kitu hicho kilikuwa na jina.